Mama, Mradi Huo Ni Wa Nani?



Mwezi huu tuweke kando habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya jambo linaloingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi. Mtoto anarudi kutoka shule, anatua mkoba na kusema, "Mama, mwalimu amesema tufanye mradi wa mashindano ya sayansi." Wewe uko jikoni, ugali uko motoni, mdogo wake analia. Unamjibu, "Tutaona." Wiki zinapita. Siku tatu kabla ya mashindano anakukumbusha, na hapo nyumba nzima inapata homa.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, ili msomaji asidhani ninawafundisha wenzangu nikiwa juu ya kiti.

Mwaka 2018 kijana wangu alikuwa kidato cha pili, hapa Dodoma. Shule yao iliandaa mashindano ya miradi, naye na mwenzake wakataka kuchuja maji ya kisima kwa mchanga, kokoto na mkaa. Mimi nikasikia maji, nikasikia afya, nikajua hapa ndipo penye kazi yangu. Nikachukua uongozi. Nilikata ndoo, niliosha mchanga, nilipanga tabaka zote. Usiku, baada ya zamu, niliandika karatasi ya manila kwa mkono wangu, herufi kubwa nzuri: "MAJI SAFI NA SALAMA KWA KILA FAMILIA."

Siku ya mashindano nilisimama nyuma ya umati nikiwa nimevaa gauni la Jumapili. Jaji mmoja, mwalimu mtu mzima, aliinua glasi ya maji yale, akayatazama kwenye mwanga, akamwuliza kijana wangu kwa upole: "Mwanangu, maji haya ni meupe kweli. Lakini mmejuaje kwamba ni salama?"

Kijana alinyamaza. Akatazama manila. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

Jibu nililijua mimi. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Kuyachuja hakutoshi, lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Ninawaambia hivyo akina mama kliniki kila wiki. Lakini sikumwachia kijana nafasi ya kujiuliza swali hilo, na kibaya zaidi, mimi muuguzi ndiye niliyeandika neno "salama" bila kulipima. Tulipokuwa njiani kurudi aliniambia, "Mama, ule mradi ulikuwa wako." Hakusema kwa hasira. Tangu siku ile hakuniletea tena swali la sayansi, na alipofika kidato cha tatu aliyaacha masomo hayo alipopewa nafasi ya kuchagua. Huenda angeyaacha tu. Lakini sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma.

SWALI LA MTOTO NI MALI

Wengi wetu tunadhani sayansi ni ya watu wa mbali wenye makoti meupe. Hebu tukumbuke kijana wa nchi yetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo. Mpemba aliogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha.

Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa likamcheka. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitembelea shule ile, na kijana akauliza kwa mara nyingine. Wenzake wakacheka tena, lakini mgeni yule aliporudi chuoni aliagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la kufundishia fizikia, na leo duniani kote jambo hilo hutajwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kama hutokea kila mara, na sababu yake ni nini.

Ninawasimulia haya kwa kuwa swali lile lilizaliwa kwenye sufuria ya maziwa. Lingeweza kuzaliwa jikoni kwako au kwangu. Na kama kijana yule angekubali kunyamazishwa, lingekufa pale pale.

Siku hizi watoto wetu wanayo milango mingi zaidi. Hapa Tanzania kuna Wanasayansi Chipukizi, mpango ulioanzishwa mwaka 2011, na maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Wazo lake lilitoka Ayalandi, ambako padre mmoja, Tom Burke, na mwenzake Tony Scott, wote wawili wanafizikia, walianzisha maonyesho kama hayo mjini Dublin mwaka 1965. Wenzetu wa Kenya nao wana mashindano yanayopanda ngazi hadi taifa. Mlango wa yote ni mwalimu wa sayansi shuleni. Mama, nenda ukamwone mapema, umwulize tarehe za mwisho, idadi ya wanafunzi kwa kila mradi, na masharti yake. Usingoje mtoto aje na barua iliyokunjwa mfukoni wiki mbili.

TUMSAIDIEJE BASI?

Baada ya kosa langu nilikaa na mwalimu mmoja anayesali nasi, ambaye huwasaidia vijana wa kanisani masomo ya Jumamosi. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, nikichanganya na ya wodini.

1. Swali liwe dogo na lipimike. "Nataka kumaliza malaria" ni nia njema, lakini si mradi wa mtoto. Mwulize: "Utapima nini? Kwa kitu gani? Kwa siku ngapi?" Maswali mazuri yako nyumbani. Je, maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaokoa mkaa kiasi gani? Je, majivu yanazuia fukusi kwenye maharage ya akiba? Je, maziwa huganda upesi zaidi kwenye kibuyu au kwenye sufuria? Mkaa unapimika kwa mizani, fukusi wanahesabika, muda unasomeka kwenye saa.

2. Akisie kwanza, kisha apime. Aandike anachodhani kitatokea na kwa nini. Makisio yakishindwa si aibu. Mtoto aliyegundua kwamba alikosea amejifunza jambo.

3. Abadilishe kitu kimoja tu. Akitaka kujua kazi ya majivu, aandae makopo mawili: maharage ya gunia moja, makopo ya aina moja, kabati moja. Tofauti iwe majivu peke yake. Kopo lisilo na majivu ndilo la kulinganishia, na bila hilo hakuna anachoweza kusema.

4. Arudie. Mara moja haitoshi. Wodini, nikipata kipimo cha ajabu kwa mgonjwa, sikimbilii kumwita daktari kabla sijapima tena. Jaribio nalo lirudiwe angalau mara tatu.

5. Aandike siku ile ile, saa ile ile. Hapa sisi wauguzi tuna la kufundisha. Chati ya mgonjwa haiandikwi kwa kukumbuka kesho yake. Na ukikosea, hufuti wala huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika sahihi pembeni. Mnunulie mtoto daftari gumu moja na afanye hivyo hivyo. Daftari chafu lenye tarehe na madoa ya maji huwaridhisha majaji kuliko daftari safi lililonakiliwa usiku mmoja.

6. Muda. Mradi mzuri unataka miezi miwili au mitatu. Wiki mbili za kutafuta swali na kusoma, wiki moja ya kujaribu vifaa, mwezi mzima wa kupima, kisha wiki mbili za kuchora jedwali na kuandika. Ukianza siku tatu kabla, ni wewe mama utakayefanya mradi, si mtoto.

Kuhusu fedha, usikope. Ndoo kuukuu, chungu, kopo la maziwa na saa ya ukutani vinatosha kabisa. Kifaa cha bei kubwa hakimpi mtoto akili.

MAMBO YA USALAMA

Hapa nazungumza kama muuguzi, na naomba mnisikilize.

Mtoto asioteshe vijidudu nyumbani. Wazo la kuweka uchafu wa mikono au wa choo kwenye chakula cha kuoteshea na kungoja "tuone kinachoota" linavutia, lakini kinachoota kinaweza kuwa ugonjwa. Kazi hiyo ni ya maabara, chini ya mwalimu, na vyombo vikiwa vimefungwa. Katika mashindano makubwa ya kimataifa ya Marekani, yaliyoanza Philadelphia mwaka 1950, kuotesha bakteria nyumbani kumekatazwa kabisa.

Asichanganye dawa za usafi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na dawa kali ya asidi ya kusafishia choo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Asimpe mtu yeyote dawa ya kujaribu, hata kama ni majani ya bibi. Na kama mradi unahusu watu, hata kuwauliza maswali tu, waombwe ridhaa kwanza, wazazi wa watoto wahusika waambiwe, na majina yasiandikwe. Mambo ya mwili wa mtu ni siri yake. Amwulize mwalimu kama kibali kinahitajika kabla hajaanza, maana baada ya kumaliza ni kuchelewa.

Moto, umeme, na vitu vyenye ncha kali, mtu mzima awepo. Hapo mama hujaingilia mradi. Umefanya kazi yako ya umama.

BINTI NA CHUNGU

Mwaka 2023 ikawa zamu ya binti yangu, naye kidato cha pili. Niliahidi moyoni kwamba safari hii mikono yangu itakaa nyuma.

Swali lake halikutoka kwangu. Kwenye genge letu yuko mama anayeuza mchicha na nyanya. Kila jioni binti alimwona akitupa mchicha ulionyauka, siku nyingine nusu ya beseni. Akaniuliza, "Mama, yule mama angeweza kuutunza bila friji?" Nikafumba mdomo kidogo, kisha nikasema, "Unadhani angeweza?" Akaenda kumwuliza mwalimu. Wakasoma juu ya Mohammed Bah Abba wa Nigeria, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza chungu ndani ya chungu: unaweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji. Maji yanapokauka kupitia ngozi ya chungu huondoka na joto, na ndani hubaki ubaridi. Ni ule ule ubaridi wa maji ya mtungi tuliokunywa kwa bibi zetu.

Yeye na rafiki yake walipanga vyombo vitatu kivulini: beseni la kawaida, chungu kitupu bila mchanga, na chungu ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa. Mchicha wa fungu moja waliugawa sawa kwa mizani.

Jambo la kwanza wakakwama. Binti alichukua kipimajoto changu cha homa, akakitumbukiza kwenye chungu, na kikakataa kabisa kusoma. Ulimi ulinikereketa! Nilijua kwamba kipimajoto kile kimetengenezwa kwa mwili wa binadamu, huanzia kwenye nyuzi 35 hivi na kuishia 42. Lakini nilimwambia tu, "Soma namba zilizoandikwa humo." Alizisoma, akacheka mwenyewe, kesho yake akaazima kipimajoto cha maabara kwa mwalimu.

Wiki nne walipima asubuhi, mchana na jioni. Siku mbili walisahau kumwagia maji, nikaona kwa macho yangu na nikanyamaza. Waliandika daftarini, "Leo tumesahau." Nilifurahi kwa maandishi yale kuliko kwa manila yoyote. Mara nyingi saa nane mchana, kivulini palipokuwa na nyuzi 29, chungu chenye mchanga kilisoma 22. Mchicha wa beseni ulilegea siku ile ile, wa chungu ulifika siku ya tatu. Chungu kitupu kilikuwa katikati.

Siku ya mashindano jaji alimwuliza, "Je, chungu hiki kitafanya kazi kila mahali?" Binti alisita. Moyo wangu ukaruka, nikakumbuka mwaka 2018. Kisha akasema, "Sijui, mwalimu. Sisi tumepima Dodoma tu, na huku hewa ni kavu. Nadhani mahali penye unyevu maji hayatakauka upesi. Ningependa kujaribu."

Walipata nafasi ya pili shuleni. Aliyeendelea ni mwingine. Binti alilia kidogo usiku ule, nami nilimwacha alie, kisha tukala.

Lakini Desemba tulikwenda Tanga kwa shangazi yao. Binti alibeba kipimajoto alichoazima tena, akaomba vyungu viwili sokoni. Kule, kivulini palipokuwa na nyuzi 31, chungu kilisoma 28 tu. Mchicha ukanyauka siku ya pili. Alikimbia uani akipiga kelele za furaha kama aliyeshinda kombe, kwa kuwa alikisia sawasawa. Hapakuwa na jaji, hapakuwa na cheti. Kaka yake, aliyekuwa amekaa kibarazani, aliinuka akachukua kopo, akamsaidia kumwagia maji kwenye mchanga, huku akimwuliza maswali mfululizo.

Jioni ile nilimwita kijana wangu pembeni. Nikamwambia, "Baba, ule mradi wa maji, nilikunyang'anya. Nisamehe." Alicheka kidogo akatazama chini, akasema, "Yamepita, Mama." Kisha akaongeza, "Lakini kweli, yale maji yalikuwa hayajachemshwa." Tukacheka wote wawili.

SIKU YENYEWE

Akina mama, nimalize na machache ya siku ya mashindano.

Mtoto ale asubuhi na alale mapema usiku wa kuamkia siku hiyo. Manila iwe na maandishi yake: swali, makisio, njia, jedwali la matokeo, alichohitimisha. Chini aandike waliomsaidia na kwa lipi. Kama mama ulishika kisu ukakata ndoo, jina lako na kazi hiyo viandikwe. Hakuna jaji atakayemwadhibu kwa ukweli. Yale aliyosoma kitabuni au kwenye intaneti, aseme ameyatoa wapi.

Nyumbani, mwache azungumze mradi wake mbele yako, baba yake na wadogo zake kwa dakika tano. Mdogo asipoelewa, atafute maneno mepesi. Mfundishe jibu moja la thamani: "Hilo hatukulipima." Ni jibu la heshima kuliko kubuni. Mimi ningempa kijana wangu jibu hilo mwaka 2018, asingenitafuta kwa macho.

Na wewe, mama, simama pale asipokuona.

Akishinda, mshangilie. Akishindwa, usimlaumu jaji mbele yake wala usimtaje mtoto wa jirani. Mwulize swali moja tu: "Sasa unataka kujua nini?" Akiwa na jibu, basi mradi haujaisha.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutarudi kwenye kliniki yetu na kuzungumza juu ya kikohozi cha watoto msimu wa baridi. Mpaka hapo, jikoni kwako kukiulizwa swali la ajabu wakati ugali uko motoni, punguza moto, keti, usikilize.